Kusema na Kusikilizana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maneno, Sauti na Mwili

Maswali haya hujirudia kila watu wanapozungumzia mawasiliano, iwe kazini, darasani au mbele ya wasuluhishi. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe halina mengi. Mengine yamerefuka kwa sababu hapo ndipo uzushi ulipojaa.

Mawasiliano ya maneno ni yapi, na yasiyo ya maneno ni yapi?

Ya maneno ni yale yanayotumia lugha, iwe inasemwa, inaandikwa au inafanywa kwa mikono ya viziwi. Yasiyo ya maneno ni mengine yote yanayobeba maana kati ya watu: uso, macho, mikono, mkao, umbali, mguso, mavazi, hata kuchelewa kujibu.

Sauti iko katikati, na hapo ndipo wengi huchanganya. Hutoka mdomoni pamoja na maneno, lakini kupanda na kushuka kwake, kasi, ukali na vituo si maneno. Chukua "Amekuja". Ukiishusha sauti mwishoni umetoa taarifa, ukiipandisha umeuliza, na hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Anayeandika ana alama ya kuuliza. Anayesema ana kiimbo tu, na msikilizaji asipokishika atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Lugha ya alama imo kwenye kundi la yasiyo ya maneno?

Hapana. Ni lugha kamili. Mwaka 1960 mtaalamu wa lugha William Stokoe alionyesha kwamba alama za Lugha ya Alama ya Marekani zimeundwa kwa vipande vidogo vinavyochanganywa kwa kanuni: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, jinsi maneno ya mdomoni yanavyoundwa kwa irabu na konsonanti. Katika lugha hiyo hata nyusi zina kazi ya kisarufi, kwa kuwa kuziinua hugeuza sentensi kuwa swali la ndiyo au hapana. Kiziwi pia hununa, hukwepa macho na husogeza kiti nyuma, na hayo ndiyo mawasiliano yake yasiyo ya maneno.

Ni kweli kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno?

Si kweli, ingawa takwimu hii imo katika semina nyingi kuliko chai ya saa nne.

Chanzo chake ni majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1967. Swali lao lilikuwa dogo sana: mtu akitamka neno moja moja, msikilizaji anajuaje kama msemaji anapendezwa au anachukizwa? Katika jaribio mojawapo neno lenyewe lilikuwa "labda" kwa Kiingereza, lililorekodiwa kwa sauti ya kupenda, ya kawaida na ya kutopenda, kisha likaambatanishwa na picha za nyuso zenye hisia hizohizo. Matokeo ya majaribio hayo mawili yalipounganishwa ndipo zikapatikana namba maarufu: maneno asilimia 7, sauti 38, uso 55.

Hakuna aliyekuwa akitoa hotuba wala kueleza mpango, kuuza kitu au kujibu maswali. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mitazamo tu, na kwamba haina maana pale mtu asipokuwa anazungumzia hisia zake. Anayeshuku na ajaribu kumweleza mwenzake, kwa uso na sauti bila neno hata moja, kwamba mkutano wa Alhamisi umesogezwa hadi saa tisa lakini mhasibu aje saa nane.

Jaribio lile linafundisha jambo moja la kweli: neno likiwa halina uzito, mtu hutafuta maana kwenye sauti na uso. Mwenzako akikujibu "sawa" kwa sauti bapa huku amegeukia pembeni, unajua si sawa. Hilo halihitaji asilimia.

Msikilizaji ana kazi gani zaidi ya kunyamaza na kusubiri?

Kama ungesoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, ningependa liwe hili.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi Mmarekani, alichapisha nadharia yake ya mawasiliano, ikiwa na chanzo, kipitishio, makelele na kipokezi. Ilikuwa nadharia ya mitambo ya simu na telegrafu, na kwa mitambo haina mfano wake. Tatizo lilianza vitabu vya mafunzo vilipomweka binadamu mahali pa mtambo, kana kwamba msemaji anamimina na msikilizaji ni ndoo.

Janet Bavelas na wenzake nchini Kanada walilijaribu wazo hilo mwaka 2000. Waliwakalisha watu wawili wawili, mmoja amsimulie mwenzake tukio ambalo nusura limdhuru. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri: kuhesabu maneno yanayoanza na herufi "t". Walikaa wakimtazama msimulizi, wameshughulika kweli na maneno yake, ila si na maana yake. Simulizi ziliharibika. Msimulizi alipofika kwenye kilele, pale ambapo mtu husema "basi gari likanipita hapa!", alisitasita, akarudia mwisho mara mbili tatu, akaanza kueleza kwa nini tukio lile lilikuwa la hatari. Kipaji chake kilikuwa kilekile, kilichokosekana ni mtu wa kumwitikia.

Watafiti hao walitenganisha miitikio ya aina mbili. Kuna ile ya jumla, "mhm", "enhe", kutikisa kichwa, ambayo inafaa karibu popote. Na kuna mahususi, ya hapo tu: kukunja uso anapotaja maumivu, kuvuta pumzi ghafla, kusema "wewee!" au kummalizia sentensi. Waliokuwa wakihesabu "t" karibu hawakuitoa kabisa hii ya pili, maana haiwezi kutolewa na asiyefuata habari. Ndiyo sababu "mhm" ya mtu anayesoma simu haimdanganyi mtu. Inakuja kwa wakati, lakini inakuja ileile kwenye msiba na kwenye kichekesho.

Tunajuaje zamu ya kusema imefika kwa nani?

Kwa kukisia, na tunakisia vizuri ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukilinganisha lugha 10 kutoka pande mbalimbali za dunia, ulikuta kwamba pengo kati ya swali na jibu lake huwa fupi kila mahali, kwa kawaida karibu na milisekunde 200. Lakini kuandaa hata neno moja kabla ya kulitamka huchukua kama milisekunde 600. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaona kwamba msikilizaji huanza kutunga jibu mwenzake akiwa bado anasema. Anautabiri mwisho wa sentensi kwa sarufi na maana, na kiimbo kinapoanza kushuka anajua mlango unafunguliwa.

Macho nayo yana kazi. Mwaka 1967 Adam Kendon alieleza, kwa kupitia filamu za mazungumzo ya watu wawili, kwamba msikilizaji humtazama msemaji zaidi kuliko msemaji anavyomtazama yeye. Anayeanza kusema maneno marefu hupeleka macho pembeni, na anapokaribia kumaliza huyarudisha, kama anayemwambia mwenzake "haya, wako". Kwa hiyo anayepeleka macho pembeni katikati ya maelezo huenda anatafuta maneno tu. Mwache atafute.

Kwa nini mtu hupunga mikono hata akiongea kwa simu?

Kwa sababu mikono inamsaidia yeye mwenyewe. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow waliripoti kuhusu watoto na vijana 12 waliozaliwa vipofu. Wote walitumia mikono walipokuwa wakieleza mambo, ingawa hawakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo, na walifanya hivyo hata walipojua kwamba wanayemweleza naye haoni.

Ila si mikono yote ni ya aina moja. Paul Ekman na Wallace Friesen, mwaka 1969, walizigawa tabia hizi katika mafungu matano, na mgawanyo huo bado unafaa. Kuna ishara zenye maana iliyokubaliwa, kama dole gumba juu. Kuna zinazochora kile kinachosemwa, kama kuonyesha ukubwa wa samaki. Kuna zinazoongoza zamu, kama kunyoosha kiganja kumkaribisha mwenzako aseme. Kuna zinazoonyesha hisia, hasa za uso. Na kuna za kujituliza, kama kujikuna shingo, kusugua vidole au kuchezea kalamu. Hizi za mwisho ndizo zinazosingiziwa mengi. Mtu anayesugua vidole huenda ana wasiwasi, huenda ana baridi, huenda ndivyo alivyo.

Nyuso zinasema lugha moja duniani kote?

Swali hili lina ugomvi wa zaidi ya miaka 150. Charles Darwin mwaka 1872 alitetea kwamba hisia kuu zina nyuso zinazofanana kwa binadamu wote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ekman alikwenda kwa watu wa Fore, Papua New Guinea, ambao hawakuwa wamezoea sinema wala picha za magazeti. Aliwasimulia kisa kifupi, kama cha mtu aliyefiwa na mtoto, wakachagua picha ya uso unaofaa. Kwa furaha, huzuni, hasira na karaha walichagua kama wengine. Uso wa hofu na uso wa mshangao, hata hivyo, watu wazima hawakuutofautisha.

Kisha mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake wakaripoti kutoka visiwa vya Trobriand, nchini humohumo Papua New Guinea, kwamba uso uliotoa macho na kuachama, ule ambao vitabu huuita wa hofu, kwa vijana wa huko ulisomeka kama wa hasira na kitisho.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeshika kitu. Tabasamu la furaha huvuka mipaka mingi bila taabu. Ukiacha hayo machache, uso husomwa pamoja na tukio, pamoja na maneno na pamoja na mazoea ya watu husika. Kichwa chenyewe hakina makubaliano: nchini Bulgaria mwendo wa kichwa wa kukataa na wa kukubali umegeuzwa ukilinganisha na sehemu nyingi za dunia, na mgeni hupata "hapana" pale alipotegemea "ndiyo".

Kumtazama mtu machoni ni heshima au ukosefu wa adabu?

Inategemea ni nani kwa nani na wapi. Kuna jamii ambamo mdogo anayemkazia macho mkubwa anaonekana mjeuri, na kuna ambamo akiyainamisha anaonekana anaficha kitu. Usimhukumu mtu kwa kipimo ambacho hakulelewa nacho. Wapo pia watu, wakiwemo wengi wenye usonji, ambao kutazamana huwachosha au huwatoa kwenye habari yenyewe. Anaweza kuwa anaangalia sakafu na amesikia kila neno.

Nisimame umbali gani?

Edward T. Hall, mwanaanthropolojia Mmarekani, alipendekeza mwaka 1966 kanda nne: hadi sentimita 45 kwa walio karibu sana kimoyo, kutoka hapo hadi mita 1.2 kwa marafiki, hadi mita 3.6 hivi kwa shughuli za kawaida, na zaidi ya hapo kwa hadhara. Aliwachunguza Wamarekani na alisema wazi kwamba watu wengine wana vipimo vyao. Huna haja ya rula. Mtu akirudi nyuma hatua moja, usimfuate.

Nitamjuaje mwongo kwa kumwangalia tu?

Hutamjua, na polisi naye hatamjua. Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu walitakiwa kuamua nani anasema kweli na nani anadanganya. Wastani wa usahihi ulikuwa asilimia 54. Kurusha sarafu kunakupa 50.

Kukwepa macho, kujishika pua, kukunja mikono kifuani: hakuna hata moja inayotosha. Mikono iliyokunjwa inaweza kuwa ya mtu anayefikiri, au kiti hakina mahali pa kuegemeza viwiko. Madhara ya imani hizi ni makubwa, kwa sababu mkweli mwenye woga hutokwa jasho na mwongo mzoefu hutulia. Ukitaka kweli, sikiliza anachosema, uliza maelezo yanayoweza kuhakikiwa, kisha hakiki.

Maneno yakisema hivi na mwili ukisema vingine, niamini kipi?

Usichague, uliza. Mgongano huo ni dalili kwamba kuna kitu, lakini haukuambii ni kitu gani. Mfanyakazi anayesema "nitaimaliza kesho" huku mabega yameshuka huenda haamini kama ataweza, au kichwa kinamuuma. Njia nzuri ni kutaja kazi badala ya kutaja uso wake: "Kuna sehemu unaona itasumbua?" Ukimwambia "mbona umenuna?", mazungumzo yamehama. Sasa mnajadili kununa.

Nimeeleza vizuri kabisa. Kwa nini hawakuelewa?

Kwa sababu wewe ulikuwa unasikia wimbo mzima. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea uzamivu Stanford, aliwataka watu wagonge mezani kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wasikilizaji watambue ni wimbo gani. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3. Mgongaji ana sauti na maneno kichwani. Anayesikiliza ana ko-ko-ko.

Maelezo yanayokupitia wewe vizuri yana nusu yake kichwani mwako. Swali la "mmeelewa?" halisaidii hapa, maana jibu lake karibu kila mara ni "ndiyo": asiyeelewa anaona aibu, na aliyeelewa vibaya hajui. Uliza "utaanzia wapi?" na utasikia mara moja kilichofika.

Mambo hubadilikaje tusipoonana?

Maneno hubebeshwa mzigo wote. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwemo ukungu uliowazuia watu kuonana. Ndani ya sababu hizo kulikuwa na mazungumzo ya redio. Rubani msaidizi wa KLM alitoa kauli ya Kiingereza iliyoweza kueleweka kwamba ndege imeanza kuruka, au kwamba iko tu mahali pa kurukia inasubiri. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani alielewa hili la pili. Akajibu "OK", kisha akaendelea kuwaambia wasubiri hadi awaite. Wakati uleule Pan Am nao walikuwa wakisema redioni kwamba bado wako kwenye njia hiyo. Sauti mbili zikakutana, ukatokea mlio mkali, na kilichosikika bila mkwaruzo kwa KLM kikawa ile "OK".

Uso kwa uso, kusita kidogo au jicho la mashaka lingeweza kuikamata tofauti hiyo. Redioni havipo. Baada ya ajali taratibu zilikazwa: neno la Kiingereza la kuruka, "takeoff", huachiwa kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka tu, na rubani aliyepewa ruhusa hajibu kwa "sawa" tu, anairudia yote kwa sauti. Kurudia huko ndiko kunakochukua nafasi ya uso. Hata nyumbani, namba ya simu au kipimo cha dawa hukirudia kabla ya kukata simu, au unapaswa.

Na kwa video? Si tunaonana?

Mnaonana kwa kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikumbuke ile 200 ya zamu ya kusema: mtandao ukivuta kidogo tu, watu wanaanza pamoja, wananyamaza pamoja, wanasema "endelea wewe" pamoja. Mkiwa wengi, mtaje mtu kwa jina unapomuuliza.

Picha nayo isidharauliwe, maana tunasikia kwa macho pia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu mdomo unaotamka "ga" huku sauti iliyowekwa ikiwa "ba". Wengi walisikia "da". Kwa hiyo ukimweleza jambo zito mtu mwenye usikivu hafifu, usizibe mdomo kwa mkono wala usikae dirisha likiwa nyuma yako.

Vijikatuni vya kwenye ujumbe (emoji) vinafidia?

Kidogo. Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama ya :-) tarehe 19 Septemba 1982 kwa sababu watu walikuwa wakichukulia mizaha kwa uzito kwenye ubao wa ujumbe wa kompyuta. Shida ile ipo mpaka leo. Kijikatuni hukuambia "natania", lakini hakikujibu unapokunja uso. Habari mbaya na lawama zipigie simu.

Nisipoelewa, nimkatize mwenzangu au nivumilie?

Mkatize, na usione haya. Mark Dingemanse na wenzake walichunguza mazungumzo ya kawaida katika lugha 12 na mwaka 2015 wakaripoti kwamba mtu humwomba mwenzake arekebishe au arudie alichosema takriban kila baada ya dakika 1.4. Ni kazi ya kila siku ya msikilizaji.

Kuna namna tatu za kuuliza. Ya kwanza ni "Eh?", inayomrudishia msemaji kila kitu bila kumwambia tatizo liko wapi. Ya pili inashika kipande: "Nani amesema?" Ya tatu inapeleka jibu likathibitishwe: "Unamaanisha Jumanne hii au ile ijayo?" Utafiti huo ulikuta kwamba katika lugha zote hizo watu hupendelea kutumia iliyo mahususi zaidi kadiri walivyosikia, kwa sababu inampunguzia mwenzake kazi. Ukiuliza "Eh?" itabidi arudie sentensi nzima. Ukiuliza "Jumanne ipi?" anajibu kwa neno moja na mnaendelea.